Jinsi ya Kumtambua Chipukizi wa Tenisi ya Meza na Kumteua bila Kukurupuka

Fainali ya watoto wa chini ya miaka 10. Upande mmoja amesimama mtoto anayerudisha kila kitu. Anasukuma tu, taratibu. Hata mpira ukimjia juu, umepoa, unaomba kupigwa, yeye anausukuma na kungoja mwenzake akosee. Upande wa pili mwenzake anaachia mkono kwenye kila mpira unaopigika. Nusu inaingia, nusu inaishia ukutani. Seti 3 kwa 0, msukumaji ameshinda. Kocha anayeteua kwa karatasi ya matokeo ataondoka na huyo. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe, zaidi ya mara moja, na baada ya miaka mitatu nikajikuta na kijana anayejua kusukuma peke yake, huku rika lake lote limeshajifunza kupiga na mipira yao sasa inaingia.

Simdharau mchezaji wa kujihami. Kujihami ni sanaa na ina watu wake. Lakini katika umri wa miaka 9 ushindi hukuonyesha zaidi nani ameanza mapema na nani anaogopa kukosea. Wewe kocha una swali jingine: mtoto huyu anajifunza kwa kasi gani, na je, ataendelea kujifunza nikimpa nafasi?

Kwanza, andika unachotafuta kabla hujaona mtoto hata mmoja

Mpira wa tenisi ya meza una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 2.7. Meza ina urefu wa mita 2.74. Mpira uliopigwa kwa nguvu huuvuka urefu huo chini ya nusu sekunde, tena ukiwa unazunguka, na mzunguko ndio unaoamua utaruka wapi ukishagusa meza. Anayengoja mpira ufike ndipo aamue, amechelewa. Inabidi asome mapema: bega la mpinzani, kiwiko, pembe ya raketi. Kwa hiyo mimi naanza na jicho linalosoma mapema, kisha mkono mwepesi unaojua kukaza na kulegeza, miguu inayoanza kutembea kabla ya mkono, na kichwa kinachopenda kuchokonoa tatizo. Kimo hakimo kwenye orodha yangu, na nitarudi kwenye hilo.

Kuhusu umri, usijifunge. Ma Long wa China alishika raketi akiwa na miaka 5. Hugo Calderano wa Brazili, aliyetwaa Kombe la Dunia mwaka 2025, utotoni alicheza pia voliboli na riadha. Shirikisho la kimataifa, ITTF, lina programu yake ya Hopes inayowalenga watoto wa miaka 12 kwenda chini. Kwa uzoefu wangu, mlango wa kwanza uufungue kwa watoto wa miaka 6 hadi 9, na wa pili kwa wale wa 10 hadi 12 wanaotoka michezo mingine. Wa mlango wa pili huwa nyuma kwa ufundi, lakini wanakuja na miguu na ubishi wa mashindano. Na kama una haraka kupita kiasi, kumbuka kwamba katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, mashindano yaleyale ya wanawake yalikuwa na Hend Zaza wa Siria mwenye miaka 12 na Ni Xialian wa Luxembourg mwenye miaka 58.

Pili, tupa nyavu mbali

Kosa la kawaida ni kutafuta vipaji miongoni mwa walio tayari klabuni. Hao ni wale tu ambao wazazi wao waliweza kuwaleta. Nenda shuleni, kaa pembeni mwa uwanja wakati wa mapumziko, usiseme wewe ni nani. Angalia wanaorushiana kitu na kudaka, wanaoruka kamba, wanaokimbizana. Utamwona mmoja anayekwepa kabla hajaguswa, au anayedaka kwa mkono mmoja huku anazungumza na mwenzake. Andika.

Ukishawaita, chukua tarehe kamili ya kuzaliwa ya kila mmoja: siku, mwezi na mwaka. Mwaka peke yake haukutoshi. Ukipanga watoto kwa mwaka wa kuzaliwa, aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanasimama kundi moja ilhali wamepishana karibu miezi 12, na kwa mtoto wa miaka 8 hiyo ni sehemu ya nane ya maisha yake. Wa Januari ataonekana mwepesi, mwenye nguvu, msikivu. Utamteua, atapata mazoezi zaidi, na mwaka ujao utajipongeza kwamba ulikuwa na jicho. Jambo hili limechunguzwa katika michezo mingi na linajirudia: timu za watoto hujaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka. Ma Long niliyemtaja amezaliwa Oktoba. Dawa yake ni rahisi: panga daftari lako kwa mwezi wa kuzaliwa, na unapolinganisha, mlinganishe mtoto na jirani zake wa miezi mitatu huku na huku.

Tatu, vipimo vya mwili, kwa nusu siku moja

Usianze na meza. Kwenye meza aliyewahi kufundishwa atang'ara na mgeni atazama, na utakuwa umepima historia yao.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote kinahitaji ukuta, mipira na saa. Watafiti wa Uholanzi wamekitumia kwa watoto wa tenisi ya meza, wao wakitumia meza iliyosimamishwa wima badala ya ukuta. Mtoto anasimama mita moja kutoka ukutani, anarusha mpira kwa mkono mmoja na kuudaka kwa mkono mwingine, kisha anarusha kwa mkono uliodaka na kuudaka kwa ule wa kwanza, mfululizo kwa sekunde 30. Hesabu aliodaka vizuri tu. Unaokumbatiwa kifuani hauhesabiwi. Msaidizi awe karibu na mpira wa akiba ili ukidondoka muda usipotee. Mpe jaribio la mazoezi, kisha mawili ya kuhesabiwa, chukua lililo bora.

Idadi ni muhimu, lakini angalia pia anavyoipata. Kuna anayeanza kwa pupa, anaangusha mipira mitatu, kisha bila kuambiwa anapunguza nguvu ya kurusha na kupata mdundo wake. Mwingine anaangusha mipira ileile kwa namna ileile hadi kipenga kinalia. Wawili hao wanaweza kumaliza na idadi moja. Weka alama ndogo pembeni mwa jina la wa kwanza.

Vituo vingine nitavipitia haraka. Kwenda kando huku na huku kati ya alama mbili zilizoachana mita 3, ukiangalia kama mtoto anavuka miguu au anaisogeza kwa pamoja. Kuruka juu kutoka mahali alipo. Kudundisha mpira juu ya raketi, upande wa kiganja kisha upande wa mgongo wa mkono, kwa kupokezana. Kulenga kikapu kwa kurusha, kutoka hatua kadhaa. Hivi vinakusaidia kumwona mtoto ambaye macho yako yangempita. Mtoto asitolewe kwa kipimo kimoja, wala asitolewe siku hiyo. Amelala vipi, amekula nini, ametembea umbali gani kufika hapo, hujui.

Na tafadhali, kupima kimo au uzito kufanyike faraghani, mmoja mmoja, mzazi akijua na akikubali. Nimeona mtoto akitajiwa uzito wake kwa sauti mbele ya foleni nzima. Hakurudi, na sikumlaumu.

Nne, kipimo cha kujifunza, ambacho wengi hukiruka

Chagua ufundi mmoja ambao hakuna hata mmoja kati yao anaoujua. Mimi hutumia mpira wa kuanzisha uliokatwa chini, ule ambao ukipigwa taratibu hugusa upande wa mpinzani kisha hurudi nyuma kuelekea wavuni. Watoto wakiuona mara ya kwanza huangua kicheko, wanadhani ni mazingaombwe. Kicheko hicho nacho ni kipimo, maana kuna wanaocheka na kusogea karibu.

Waonyeshe mara tatu, polepole, bila maelezo marefu. Kila mtoto ajaribu mara 10. Andika ingapi imekatika kweli. Kisha wafundishe kwa dakika 15, kundi la watoto wanne au watano: mpira urushwe juu angalau sentimita 16 kama sheria inavyotaka, raketi ilale, kifundo cha mkono kilegee, uguse chini ya tumbo la mpira kana kwamba unaukwangua. Kisha wajaribu tena mara 10. Baada ya wiki moja waite, na bila kukumbushana wala kupasha, mara 10 nyingine.

Sasa una namba tatu kwa kila mtoto, na kilicho muhimu ni tofauti kati yake. Aliyetoka 0 hadi 5 kisha akarudi na 6 ananivutia kuliko aliyetoka 4 hadi 5 na kurudi na 4. Ukiona namba ya tatu imepanda sana, muulize kwa upole: "Ulikuwa unafanyia wapi?" Kuna mmoja alinijibu kwamba alifanyia juu ya meza ya chakula, kwa kutumia kitabu cha hesabu badala ya raketi. Kwenye daftari langu jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko namba zote tatu.

Wakati wa zile dakika 15, usifundishe peke yako. Mwenzako afundishe, wewe simama pembeni uangalie nyuso. Yuko mtoto anayekosa, anatazama kifundo cha mkono wake, anakigeuza kidogo, anajaribu tena. Yuko anayekosa na kumtazama kocha. Yuko anayekosa na kuitazama raketi kana kwamba imemsaliti. Wa kwanza anajifundisha mwenyewe. Wa pili anaweza kufundishika vizuri sana, ila atakuhitaji kila dakika. Wa tatu usimkate jina, watoto wengi wa miaka 7 wako hivyo. Mwangalie tena baada ya miezi michache.

Tano, sasa wacheze

Tangu mwaka 2001 seti inaishia pointi 11. Mtoto akipoteza tano mfululizo, seti imeshamponyoka nusu. Ndiyo maana mechi fupi za watoto husema mengi kuhusu kichwa, ukiacha kutazama ubao wa matokeo na kutazama mambo mawili matatu.

Akila mpira uleule wa kuanzisha mara mbili, mara ya tatu anafanya nini? Anasogea? Anabadili pembe ya raketi? Anajaribu kitu, hata kibaya? Jibu lolote lililo tofauti ni jema kuliko kurudia kosa kwa heshima.

Ikifika 9 kwa 9, anaanzisha mpira upi? Anayetoa ule wake mzuri ana ujasiri. Anayeusukuma tu uvuke wavu ana hofu, na hofu inafundishika kuondoka, lakini uijue ipo.

Sikiliza pia. Mkono mzuri una sauti yake: mguso mfupi wa mpira unaokwaruzwa, na kishindo kikavu cha unaopigwa. Mtoto ambaye kila mpira wake unatoa sauti moja bado hajagundua kwamba raba iliyobandikwa kwenye raketi inafanya kazi zaidi ya moja. Ukifumba macho kwa dakika moja pembeni mwa meza utajua nani ana mkono, na sifanyi mzaha.

Wanaotumia mkono wa kushoto huwapa wapinzani shida kwa sababu mpira wao unatoka pembe isiyozoeleka, na katika mechi za wawili wawili hupishana vizuri na mwenzao wa mkono wa kulia. Ni faida halisi, ila ndogo. Nimeona makocha wakimchukua mtoto kwa sababu hiyo tu, kana kwamba mkono ndio mchezaji. Na mtindo wa kushika raketi, hata ukiwa wa ajabu, usimtoe mtoto. Hilo hurekebishwa, na wakati mwingine halihitaji kurekebishwa.

Sita, mwili unaokua

Deng Yaping wa China alikataliwa utotoni na timu ya mkoa wa Henan kwa sababu ni mfupi. Ukubwani alikuwa na kimo cha takribani mita 1.50. Katika Olimpiki ya Barcelona, mwaka 1992, alichukua dhahabu mbili, ya mmoja mmoja na ya wawili wawili. Atlanta, mwaka 1996, akarudia zote mbili. Waliomkataa hawakuwa wajinga: mkono mfupi hufika karibu, na mwili mfupi huona meza kwa shida. Walichokosa ni kuona jinsi miguu yake ilivyokuwa inalipa deni la mkono wake.

Kinyume chake nacho hutokea. Wasichana wengi hupata kasi kubwa ya kukua karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14, lakini kila mtoto ana saa yake. Aliyetangulia atawashinda wenzake kwa nguvu, kisha wakimfikia anabaki bila silaha. Na yule anayerefuka ghafla hupotea kwa miezi: mpira aliokuwa akiugusa sasa anaupita, mkono umekuwa mrefu kuliko ubongo wake unavyokumbuka. Kocha asiyejua huandika "ameshuka kiwango". Pima kimo kila miezi mitatu, na ukiona mstari umepanda kwa kasi, kipindi hicho usimteue wala usimtoe mtu kwa matokeo. Punguza nguvu ya mazoezi, rudisha miguu na mguso, ngoja.

Saba, zungumza na nyumbani

Mtoto wa mazoezi ya mara nne kwa wiki ni familia nzima kwenye mazoezi. Kaa na mzazi umweleze ukweli: muda, safari, shule, na kwamba wengi kati ya wanaoteuliwa hawatafika timu ya taifa. Mzazi akisikia hayo na bado akauliza ratiba, umepata mshirika. Akiuliza ni lini mwanawe ataanza kulipwa, zungumza naye tena wiki ijayo.

Kisha zungumza na mtoto, mzazi akiwa mbali kidogo lakini mnaonekana. Usimuulize kama anapenda mchezo, atasema ndiyo. Muulize ni pointi gani ya mechi ya mwisho anaikumbuka. Anayeipenda tenisi ya meza atakusimulia kwa mikono, atasimama kwenye kiti, atakuonyesha mpira ulivyogusa ukingo. Anayeletwa atasema hakumbuki.

Nane, uamuzi

Makocha wawili au watatu, kila mmoja aandike majina yake kwenye karatasi kabla ya kufungua mdomo. Mkianza kwa mjadala, wa kwanza kusema, au mwenye cheo, amewateulia nyote. Wekeni karatasi mezani, zungumzieni majina mnayopishana tu. Usijumlishe alama za vituo vyote kuwa namba moja. Jumla huficha mtoto aliye wa mwisho kwenye kuruka na wa kwanza kwenye kujifunza, na huenda huyo ndiye unayemtafuta.

Gawa majina mafungu matatu: wanaoingia, wanaongoja, na ambao bado. Walioingia wape miezi sita ya majaribio, na waambiwe hivyo tangu siku ya kwanza. Wanaongoja waitwe mara moja kwa mwezi. Wa fungu la tatu usiwatangazie kwa karatasi iliyobandikwa ukutani. Mwite kila mmoja, mweleze kitu kimoja alichofanya vizuri na kimoja cha kufanyia kazi, umpe na zoezi la kwenda nacho nyumbani. Inachukua mchana mzima. Panga huo mchana kwenye ratiba mapema, la sivyo hautapatikana.

Baada ya miezi sita rudieni kipimo cha kujifunza kwa mafungu yote matatu, kwa ufundi mpya ambao hakuna aliyefundishwa. Safari yangu ya mwisho nilitumia kurudisha mpira uliokatwa kwa mgongo wa mkono, kwa kuuzungusha kwenda mbele. Wawili kutoka fungu la kungoja waliwapita wanne wa ndani, na mmoja wa fungu la tatu alikuja na zoezi lake la nyumbani likiwa limekamilika kiasi kwamba ilibidi nimuombe alirudie, nione tena mguu wa kushoto unavyoanza.